Simbiliki wa Bibi, Jikoni Berchem

Jana binti yangu alikuwa mezani na kazi yake ya Kiingereza. "Maman, reproduce ni kufanya nini? Mwalimu anasema ni kunakili kitu, tena ni wanyama kuzaana. Nipe mfano." Mfano! Wee rafiki yangu, pua ilijibu kabla ya mdomo. Nilisikia mkojo wa simbiliki.

Unawajua simbiliki, wale wanyama wadogo wa manyoya, hawana mkia, wanalia kwii kwii. Kwetu Bukavu wanafugwa jikoni, chini, kwa ajili ya nyama. Bibi alipoletwa Ubelgiji, mimi bado mtoto wa shule ya msingi, alilileta jiko lake lilivyo ndani ya fleti yetu ya Berchem. Simbiliki walikimbia chini ya frigo, juu ya majani tuliyokata kando ya reli, na mavi yao yalinasa kwenye soksi zangu. Phu! Harufu iliingia kwenye koti, kwenye mkate, nikaenda nayo darasani. Kila nilipopiga magoti nilimwomba Mungu awaondoe, nao wakazidi kuzaana.

Rafiki wa pekee wa bibi alikuwa jirani wa chini, Madame mmoja mzee wa Kibelgiji. Hawakuwa na lugha moja. Kila alasiri walikunywa kahawa jikoni kwetu, wakiwacheka simbiliki. Madame naye alikuwa na wake, jike mweupe aliyelala naye kitandani. Alidhani bibi anawapenda vilevile.

Kisha Madame akavunjika mguu, akakaa hospitali miezi, jike akatuachia sisi. Na kwetu, ukimlinda mnyama wa mwenzako, watoto mnagawana. Ndiyo heshima. Aliporudi, bibi akanituma nitafsiri: "Ambia Madame, alizala quatre. Deux ya kwake, deux ya kwangu." Wanne, kila mmoja wawili. Madame alilia kwa furaha. Hapo bibi akafunua sahani ya kumpa pole: nyama ya kukaanga na nyanya, bugali pembeni. Madame akala, akasifu, akauliza kama ni sungura. Bibi, kwa fahari kabisa, akanyoosha kidole sakafuni.

Madame alitema. Mate na nyama kwenye leso, mbele ya bibi, na leso akaiacha mezani. "Sauvages," akasema, yaani washenzi, akamkumbatia jike wake na kutoka. Mimi niliyekuwa nikiziba pua kila siku, sijaona uchafu kama ile leso.

"Nilimuchinjia ile ya kunona kuliko zote," bibi akasema. Maana ya lile neno hakuniuliza.

Kesho yake baba akawapeleka simbiliki wote kwa mtu mwenye bustani. Bibi akasugua sakafu kwa javeli, ile dawa kali ya kusafishia, na jiko likanukia kama nilivyoomba. Alasiri akachemsha kahawa, akaweka vikombe viwili, akakaa akisikiliza ngazi. Alifanya hivyo mpaka alipotutoka, na mlango haukugongwa.

Jiko langu sasa linang'aa, ila javeli haiingii humu, inanitapisha. Ile harufu ya mkojo na majani nitaipata wapi tena?

Binti yangu alikuwa bado anangoja mfano, kalamu mkononi. Nikamwambia aandike sungura.