Nilivyoupanda Mnara wa Taa wa Ikola

Kosa ni langu, na nalikiri mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia. Kwenye sherehe ya kipaimara cha binti yetu Neema, shemeji yangu Deus alieleza habari za mnara wa taa wa zamani ulio karibu na kwake Ikola, kwamba wengi huishia katikati ya ngazi. Nikacheka. Nikasema, ukoo mzima ukisikia, kwamba mimi ningeupanda huku natafuna muhindi. Mimi huyu, ambaye bati likivuja anapanda mke wangu, nami nashika ngazi!

"Basi nenda, utuletee picha," akasema jirani yetu Mama Shija, Msukuma asiyejua kuzungusha maneno.

Neema akapiga makofi. Baba yake atapanda! Hapo nikajua nimekwisha.

Jumamosi alfajiri, stendi ya Mpanda. Mimi nikilala nje ya mtaa wetu wa Misunkumilo ujue kuna msiba, kwa hiyo nilibeba shuka, ndala na mto wangu wa kulalia. Kondakta akautazama ule mto. "Mzee, unahama?"

Saa tatu tulikuwa tumeshaipita Kabungu. Miombo kulia, miombo kushoto, vumbi katikati. Nikaomba basi liharibike. Siku nikiwa na haraka huharibika. Siku hiyo likaenda kama jipya.

Mchana, Ikola. Tulipoanza kuteremka ziwa likajitokeza lote kwa mara moja, bluu, mpaka nikaacha kulalamika. Deus alinipokea kwa ugali na samaki wa migebuka.

"Kula kidogo, shemeji. Kule juu tumbo hugeuka."

Saa kumi tulifika rasini. Rasi yenyewe ni kilima kilichoingiza pua ziwani, na mnara mweupe umesimama kwenye ncha ya ile pua. Ufunguo anao Mama Kalista, ambaye huanika dagaa pale chini. Babu yake ndiye aliyekuwa akiiwasha ile taa, enzi za mafuta, ili meli zisipande mawe.

Ngazi ni ya chuma, vidato arobaini na kimoja. Deus alitangulia na simu yake. Mimi kwenye kidato cha ishirini nikaganda.

"Baba, umelala?" Mama Kalista akaita kutoka chini.

"Napumzika!"

"Kapumzikie juu. Hapo unawazibia popo njia."

Nikaanza kushuka kidato kimoja. Nikayakumbuka makofi ya Neema. Nikafumba macho, nikapanda, nikakumbatia nguzo ya kwanza niliyoigusa. Deus akapiga picha. Ndipo nikafumbua.

Ng'ambo, milima ya Kongo. Chini, mitumbwi midogo kama mbegu za tikiti, na dagaa waking'aa mchangani. Sikutaka kushuka tena. Mama Kalista alitishia kunifungia.

Jumapili jioni, nyumbani. Nilichojifunza ni hiki: woga haukubaki chini kunisubiri, tulipanda nao pamoja, na ziwa nikaliona vilevile. Niliwaeleza haya majirani kwa kirefu, huku Neema akiwapitishia kwa fahari, kwenye simu, picha aliyoituma Deus: baba yake juu ya mnara, amekumbatia nguzo, kinywa wazi, macho yamefumbwa. Nikaapa kwamba niliyafumbua mara tu baada ya hapo.

Mama Shija akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama sana.

"Baba Neema, kama ni kufumba macho, si ungefumba hapahapa Misunkumilo?"