Ngoma Iliyowafuata Watoto wa Masisi

Saa mbili asubuhi, katika darasa la mbao mtaani Majengo, Goma, Kahindo, mwalimu wa fizikia, anashika mfuniko wa sufuria aliokuja nao kutoka nyumbani na kuugonga kwa kijiko. Anaugonga taratibu. Mwaka jana aliugonga kwa nguvu, na watoto watatu wakajitupa chini ya meza.

"Wewe wa nyuma, uko mbali mara mbili kuliko wa mbele," anasema. "Unasikia nusu?"

Darasa linaitika kwamba ni nusu. Kahindo anatikisa kichwa. Si nusu, ni robo. Umbali ukiwa mara tatu, kinachobaki ni sehemu moja ya tisa, kwa sababu ukali wa sauti hupungua kwa mraba wa umbali. Anaandika ubaoni huku vumbi la chaki likimwingia kooni.

Wanafunzi ni sitini na wawili na madawati ni ishirini. Karibu nusu yao wamekimbia vita katika vilima vya Masisi, na kila siku wanatembea kutoka mahema ya upande wa Lac Vert. Wazazi wao humlipa mwalimu kwa maharage, wakiyapata. Mchana Kahindo, mzaliwa wa Butembo, binti wa wafanyabiashara wa vitunguu, huuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anaowachukua soko la Kituku, ili nyumbani kwake papikwe kitu.

Lakini si umaskini uliomkasirisha. Umaskini ameuzoea. Kilichomkasirisha ni ngoma.

Mwezi uliopita shule ilipokea mtihani wa majaribio pamoja na koridje, yaani karatasi ya majibu ambayo mwalimu lazima aifuate anaposahihisha. Swali moja lilisema kwamba mtu anasikia ngoma ya arusi, na ukali wa sauti masikioni mwake umeongezeka mara nne. Mwanafunzi atafute umbali mpya, kisha aeleze kilichotokea.

Koridje ilijibu: umbali umepungua kwa nusu, msikilizaji ameisogelea ngoma.

Watoto wa Lac Vert walipata jibu la nusu, wote. Hesabu yao ilikuwa safi. Ila katika maelezo waliandika, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba ngoma imekuja kwao. Kahindo alikuwa amechoka, na koridje ilikuwa mbele yake. Akachora msalaba mwekundu karatasi baada ya karatasi, akawapa sufuri.

Aliporudisha karatasi, Charline alisimama. Ni msichana wa miaka kumi na minane, mpole, ambaye kwa sufuri hiyo alikosa alama mbili tu za kuruhusiwa kufanya mtihani wa taifa.

"Madame, sisi hatukutembea," alisema. "Tulikuwa tunaikala ku nyumba. Ile sauti njo ilikuya."

Kahindo anasema aliona aibu. Siku hiyohiyo alifuta misalaba yote na kwenda kwa prefe, mkuu wa shule, muzee Onésime. Alimweleza kwamba swali halikusema ni nani aliyesogea. Muzee alicheka, akasema ngoma haina miguu, tena koridje imetoka juu na hakuna wa kuigusa.

"Nikamuambia, ile ya Masisi haikukuwa na miguu, ilikuwa na magurudumu," anasema Kahindo. "Akaacha kucheka. Lakini alama hakurudisha."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyetunga swali hilo ameketi mahali ambapo sauti ikizidi, ni yeye mwenyewe ameamua kuifuata. Hilo si kosa lake. Kosa ni kumnyima mtoto mwaka mzima wa shule kwa sababu mizinga iliyosogea hadi kijijini kwao ilimtangulia mwalimu kumfundisha somo, na ikamfundisha sawasawa.

Sasa muzee Onésime anataka Kahindo asaini karatasi ya alama kabla ya Ijumaa. Bila saini ya mwalimu haitumwi. Wenzake wamemwonya kwamba nafasi yake wanaitaka wengi, na sambaza peke yao hawatamtunza. Amewasikia.

"Sitasaini," anasema, akifunga mfuniko wake ndani ya kitenge. "Wanifukuze. Yule mutoto hakukosa. Mimi njo nilikosa, na ile koridje."

Nje, Charline anamsubiri wapitie tena mazoezi ya sauti, kana kwamba mtihani wa taifa ni wake tayari. Namuuliza mwalimu anatarajia nini baada ya Ijumaa.

"Ninataka siku moja niwape tena swali lile, na baandike sawa na koridje," anasema. "Basikie ngoma, na bakimbie kuifuata."