Damu Yangu Safi

Kazi ya maabara nilijifundisha mwenyewe wakati wa vita, treni ilipokuwa haifiki kwetu Kindu, Kongo, na hakuna aliyetuletea vifaa. Kila asubuhi nilijitoboa kidole, nikapaka damu kwenye kioo na kuitia rangi. Hiyo ndiyo ilikuwa damu safi, na za wagonjwa nililinganisha nayo. Vita viliisha, mimi nikabaki na desturi yangu.

Mwezi uliopita alikuja mkaguzi, dada mmoja kutoka Lubumbashi, kuamua kama maabara yetu inastahili cheti cha ithibati. Siku hiyo nilivaa sweta chini ya koti jeupe. Mama Zaina, mwenzangu wa kazi, akanitazama.

"Papa Saidi, uko natetemeka."

"Njo woga ya mukaguzi."

"Na kichwa unashika?"

"Njo kusoma sana."

Mkaguzi akataka kuona tunavyohakikisha kwamba rangi yetu inafanya kazi. Kabatini kulikuwa na vioo vya kulinganishia, vipya kabisa. Sikuvigusa. Nilijitoboa mbele ya wote, nikamweleza kwa kirefu sifa za damu isiyo na ugonjwa, kisha nikamkaribisha kwenye darubini.

Alitazama muda mrefu. Mama Zaina alisimama na mkono mdomoni.

"Papa, rangi yenu iko muzuri sana," mkaguzi alisema hatimaye. "Vimelea vya malaria vinaonekana kimoja kimoja. Maabara imepita. Wewe njo haukupita." Akanivutia kiti. "Ikala pale, mama akuletee dawa."