Boma Langu na Kura Zake

Mwanangu, mimi ni mtu ambaye dunia imekwisha kumwonyesha vyote ilivyo navyo. Haina tena cha kunishtua. Nimeona njaa. Nimeona mvua ya mawe ikilaza alizeti ya tarafa nzima. Nimeona mtu akifilisika asubuhi na jioni yuko kilabuni anacheka. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza na baiskeli ya kuazima, nikipita vijijini kununua alizeti debe kwa debe na kuisukuma mpaka Misigiri jasho likinifumba macho. Leo ukishuka pale kwenye basi la Kiomboi, ukamuuliza mtoto yeyote mashine ya kukamua mafuta iko wapi, hatakuuliza mashine ipi. Atakuonyesha yangu. Nayasema haya si kwa majivuno. Au tuseme ni kwa majivuno kidogo, maana aliyejenga nyumba kwa mikono yake ana haki ya kuusifu mlango.

Lakini leo sikuiti nikusimulie mashine. Nakuita nikusimulie kura, kwa sababu nasikia wazee wenzangu wanalalamika kila mahali: vijana wa siku hizi hawana adabu, hawapigi kura kama baba zao. Nami nawauliza, nyie mlipiga kama baba zenu? Wananyamaza. Mimi sinyamazi.

Nakumbuka siku moja, mwaka ule vyama vilipoanza kuwa vingi, baba alitukusanya uani, akasema, "Boma hili lina sauti moja." Halafu akatutajia mtu wa kumpigia. Hakukuwa na mjadala. Mimi nilikuwa kijana, kura ndiyo ya kwanza, ndevu zenyewe nazihesabu kwa vidole. Nikaitikia, "Ndiyo, baba," kwa sauti kubwa kuliko ndugu zangu wote.

Umwelewe baba. Alikulia wakati ambao mgonjwa alibebwa kwenye machela kutwa nzima mpaka misheni, na wengine walifikishwa wakiwa maiti. Zahanati ya kijiji ilipojengwa, alibeba mawe yake kichwani. Kwake kura ilikuwa namna ya kusema asante. Mimi zahanati niliikuta imesimama, na paa lake linavuja. Huwezi kukishukuru kitu ulichokikuta kama anavyokishukuru aliyekibebea mawe. Mimi nilitaka barabara, nitoe alizeti, niuze, nivae viatu. Upande ule mwingine walitaja barabara. Basi nilipofika kwenye karatasi, peke yangu na kalamu, nikampa wa barabara.

Matokeo yakabandikwa ukutani shuleni. Wa baba yangu alipata kura za kijiji kizima. Wa barabara alipata moja.

Moja, mwanangu! Laiti zingekuwa kumi ningejificha katikati yake.

Baba akaichukua kura ile kama tusi alilotukanwa yeye. "Nani huyu?" akawa anauliza kila penye watu. Mwisho akaamua mwenyewe kwamba ni Mzee Ntandu, jirani yetu, mfuga nyuki, kwa kuwa alikuwa na redio na alizoea kubisha kwenye mikutano. Akamsimamisha njiani, mbele ya watu waliotoka kusaga. "Wewe Ntandu, asali imekulevya? Unakula zahanati yetu, unatapikia mlangoni?" Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyeanza kucheka.

Sasa kwetu kulikuwa na desturi, na bado ipo: mwenye maksai humlimia jirani asiye nao, naye jirani hulipa kwa palizi au kwa asali. Mwaka ule baba alikataza maksai wasikanyage shamba la Ntandu. Mvua ikanyesha. Wenzake wote wamekwisha panda, yeye na mkewe wanachimba udongo ule mwekundu kwa jembe la mkono, wamepinda migongo kama pinde. Nami napita pembeni nikiswaga maksai wetu walioshiba.

Siku moja akaniita. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simamisha wanyama." Akajiegemeza kwenye mpini. "Mimi nilimpigia yule yule wa baba yako."

Nikajifanya sielewi. "Sasa mzee, waniambia mimi wa nini?"

"Kwa sababu baba yako aliponitukana, wa kwanza kucheka ulikuwa wewe. Mtu asiye na jambo hacheki haraka namna ile."

Nikangoja aniambie atanishtaki kwa baba. Hakusema hivyo. Alisema neno ambalo nimelibeba mpaka leo, na ndilo lililonijenga kuliko madarasa yale manne.

"Kupiga kura unavyotaka si kosa. Kosa lako ni ile ndiyo yako ambayo baba yako anajisifia kila mahali. Baba yako alikuwa na haki ya kugombana na wewe, uani kwake, na mwanawe. Umemnyima ugomvi wake, sasa anautafuta kwa majirani. Angalia shamba langu."

Nikaliangalia. Sikulala usingizi mwema. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sikutaka kungoja kilio. Nikamwendea baba akiwa zizini, nikamwambia. Hakunipiga. Aliniambia tu, "Kafunge plau," na kesho yake nililima shamba la Ntandu lote, kuanzia kichuguu mpaka korongoni. Baba alikaa msimu mzima hanisemeshi ila kwa kupitia mama. Lakini kwa Ntandu alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, na asali ikaliwa kwetu tena. Na nikuambie kitu kimoja: sijaona mtu mwingine aliyelima vizuri vile kwa aibu. Matuta yalinyooka kama kamba.

Haya. Miaka ikapita, nikawa huyu unayemwona. Na mtu akishakuwa mkubwa husahau alikotoka, hata akiwa na akili kama mimi.

Uchaguzi huu wa kijiji uliopita, rafiki yangu Msengi aligombea uenyekiti. Msengi ni rika langu. Zamani alishawahi kuwa mwenyekiti, na kisima kirefu chenye bomba kilichimbwa wakati wake. Tena ndiye aliyenibebea injini yangu ya kwanza kwa mkokoteni wake, hakuchukua hata soda. Siku ya mnada alichinja mbuzi, akatuita sisi wakuu wa maboma. Nyama ilipoiva nikasimama, unanijua nikisimama, nikasema mbele ya wote, "Boma langu lote ni lako, Msengi. Lala usingizi." Watu wakapiga makofi. Na kwetu neno lililosemwa juu ya nyama halimezwi. Ukitaka kulirudisha, unarudi mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, na mnyama mkubwa kuliko uliyemla.

Nikarudi nyumbani nimejaa kama gunia la mavuno. Nikawaita: mke wangu, binti yangu Neema anayesimamia mashine, na wanangu wawili, Elia na Yona. Nikawaambia tunampigia Msengi.

Elia akasema, "Ndiyo, baba." Yona akasema, "Ndiyo, baba."

Neema akafuta mikono yake yenye mafuta. "Baba, samahani. Kura yangu usimpe mtu. Mimi nampigia yule fundi pikipiki."

"Fundi pikipiki! Yule aliyezaliwa juzi? Unajua Msengi alituletea bomba?"

"Najua, baba, unatuambia kila siku. Lakini mapato na matumizi ya kijiji hayasomwi mpaka watu wapige kelele. Fundi amesema atayasoma. Na bomba lenyewe koki imekufa, maji yanamwagika barabarani tangu mwaka jana."

Nikaja juu. Nilisema mengi, mengine siyarudii. Nimekulisha, nimekusomesha, nimekupa mashine, leo unanivua nguo. Neema akainamisha kichwa kwa heshima, lakini neno lake hakuliinua pale alipoliweka. Nikawageukia wanangu wa kiume wanisaidie. "Elia, mwambie dada yako!"

Elia akacheka. Alicheka haraka, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwanangu, kicheko kile nilikijua. Nikajisikia nimesimama pale shambani kwa Ntandu na fimbo ya maksai mkononi. Nikakaa chini.

"Elia," nikasema, "ile ndiyo yako nitolee. Naijua. Niliitumia mimi kabla hujazaliwa. Unampigia nani?"

Akatazama mlango. "Fundi, baba."

"Na wewe Yona?"

"Fundi. Samahani, baba."

Nikamgeukia mke wangu kama mtu anayezama. "Mama Neema?"

"Mimi namchagua Msengi," akasema, nikashusha pumzi. "Lakini si kwa sababu yako, Baba Neema. Wewe ulikuwa unapanda baiskeli. Mimi ndiye niliyekuwa nikishuka bondeni na ndoo, fisi wananiangalia."

Tulicheka wote mpaka Yona akashika tumbo. Na katika kucheka kule nikaona jambo ambalo hakuna redio iliyoniambia. Mimi na mama yao tukiliona bomba, tunaona bonde na ndoo. Neema akiliona bomba, anaona linavuja. Macho yetu sote ni mazima. Baba yangu aliona machela, mimi nikaona paa la zahanati. Kila rika hupiga kura na kile lilichokibeba kichwani, na lililozaliwa baadaye halikubeba mzigo ule, lina wake.

Lakini neno langu lilikuwa kwa Msengi, juu ya nyama. Ningeweza kunyamaza. Kura ni siri, nani angejua? Ila Msengi angelala usingizi nilioahidi, na mimi ningekuwa nimemfanyia mtu mzima kile nilichomfanyia baba yangu. Urafiki wa miaka ile yote ningeulipa kwa ndiyo ya uongo.

Mnada uliofuata nikaenda na dume la ng'ombe, jeupe, nundu imesimama kama mlima. Nikalifunga pale pale, wazee wote wakaacha vikombe.

"Msengi," nikasema, "nilikupa boma lote. Nilikupa kisicho changu. Kura mbili unazo, yangu na ya mama watoto. Wanangu watatu hawako nawe. Neno langu nalirudisha, na dume hili ndiyo njia yake."

Mzee mmoja akadakia, "Sasa bwana, kwako anayevaa suruali ni nani?"

"Tunavaa wote, mzee. Neema anavaa na ovaroli juu."

Wakaangua kicheko, lakini Msengi hakucheka. Uso ulimshuka. "Umenivua mbele ya watu," akasema.

"Nilikuvika mbele ya watu, ndugu yangu. Ningekuvulia wapi?"

Dume likachinjwa, likaliwa, na Msengi aliondoka kabla ya supu. Wiki zile zilizobaki alipita mbele ya mashine yangu bila salamu. Mwanangu, hilo liliniuma kuliko nitakavyokubali mbele ya Mama Neema. Nilimpigia kura hata hivyo, kwa moyo wote.

Alishindwa. Fundi pikipiki alimshinda vibaya.

Siku ya tatu Msengi akaja mashineni. Hakunisemesha. Akakaa juu ya gunia la mashudu, akamtazama Neema akipima alizeti ya watu, kilo hazipungui hazizidi. Mashine ilipozimwa ndipo akasema.

"Wote waliokula mbuzi wangu walinipa maboma yao. Nimeona kura zenyewe. Walinidanganya wote." Akanigeukia. "Wewe peke yako uliniambia hapana."

"Ningekuambia nini tena?"

"Nilikukasirikia wewe niliyepaswa kukushukuru." Halafu akampungia Neema mkono. "Mama, huyo fundi wenu mmwambie koki ya bomba ni ya inchi mbili. Vipuri ninavyo nyumbani, aje achukue."

Neema akaja akapiga goti. "Shikamoo, mzee. Asante. Nitamleta mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako ana bahati, ila msimwambie, atazidi kuringa."

Nimekwisha kuringa. Kwa mali yangu naringa, lakini kwa binti yule naringa zaidi: jambo lililonishinda mimi kijana, kumwambia baba hapana huku nikimheshimu, yeye alilifanya akiwa na mafuta mikononi. Na mkutano wa kwanza wa kijiji, mapato na matumizi yaliposomwa, wanangu walikaa mbele, nami na Msengi tulikaa nyuma yao.

Basi shika hili, wewe kijana. Ukitofautiana na mzazi wako, mwamkie kwanza, halafu mwambie ukweli wako uani kwake, asije akausikia ukutani. Usimnyime ugomvi wake. Na kabla hujakidharau anachokisifu, muulize alikibeba kutoka wapi. Na wewe mzee mwenzangu, chakula cha bomani ni chako kugawa, mashamba ni yako kugawa, lakini kura ya mwanao usiiahidi kwa mtu. Akikuitikia haraka mno, ogopa. Akikukatalia kwa adabu, mshukuru Mungu, umelea.

Mungu akupe mvua ya kutosha na kauli iliyonyooka. Akupe watoto watakaokubishia ukiwa hai na kukulilia ukiwa umekufa. Amina. Na kwa wale wanaopita wakisema nilifilisika kwa ajili ya uchaguzi wa watu, waambieni lile dume nililinunua shilingi laki nane na elfu ishirini, na mashine yangu bado inakamua.