Uvimbe wa Bosi

Malimi Shija wa Migato alikuwa mtu wa pamba na ng'ombe, mzee wa kanisa, asiyejulikana kwa uongo. Ndiyo maana alipomwambia mkewe kwamba mbwa wao Bosi amefia njiani, Felisita aliamini, akakaa kwenye kigoda akalia. Bosi alilinda zizi lao miaka kumi na mmoja. Mwaka fisi walipovamia ndama, ni yeye aliyewazuia mpaka watu wakatoka.

Ukweli ni kwamba Bosi hakufa. Alikuwa ameota uvimbe ubavuni, ukakua polepole hadi kufikia ukubwa wa embe dodo. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba boma lile limetupiwa kitu. Binti yao Anna alikuwa karibu kuposwa, na Malimi, pamoja na uzee wake wa kanisa, aliogopa wageni wa posa wataliona lile dude na kughairi. Siku alipokwenda Maswa, alimtia Bosi kwenye tenga nyuma ya pikipiki, akamwacha kwa mdogo wake Kabula.

"Nitamrudia," alisema. "Ila wifi yako usimwambie; nitamwambia amefia njiani."

Posa ikapita salama. Lakini kila Felisita alipotenga ukoko wa ugali kwa mazoea, kisha akakumbuka na kuwamwagia kuku, Malimi aliinamisha macho. Hata kupiga simu Maswa alishindwa.

Miezi mitano baadaye, Kabula ndiye aliyempigia akimtaka aje. Malimi akaenda akijua anakwenda kuzika. Kumbe Bosi alimjia akichechemea, ana kovu mguu wa mbele, akamlamba mikono kama hakuna lililotokea. Uvimbe wa ubavuni ulikuwepo vilevile.

"Huo hauna neno," alisema Kabula. "Daktari wa mifugo aliuchoma sindano, akavuta na kupima, akasema ni mafuta tu. Mbwa wengi wakizeeka huota. Ubaya ulikuwa hapa." Akagusa lile kovu. "Kadude kagumu, kekundu, kama punje ya haragwe. Hako ndiko kalikuwa kansa. Kangekaa zaidi kangesambaa. Akakatoa."

"Kalianzia kwangu?"

"Kalianzia kwako. Nilikaona wiki ile ile uliyomleta. Hukuwahi kumpapasa, kaka?"

Tangu uvimbe mkubwa uonekane Malimi hakuwa amemgusa yule mbwa; alimrushia chakula kwa mbali.

Akaomba arudi naye. Kabula akakataa bila hasira. "Ameshazoea hapa. Na huko kwako umeshamzika."

Alipofika nyumbani alimkuta Felisita akichambua mchele. Akamweleza yote akiwa amesimama. Mkewe hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu.

"Na mimi nilipokuwa nalia, Baba Anna, ulikuwa unanitazama?"

"Nilikuwa nakutazama."

Felisita akarudi kwenye ungo wake. Jumamosi alipanda basi peke yake hadi Maswa, akarudi na picha ya Bosi kwenye simu. Malimi akaomba aione.

"Nenda ukamwone mwenyewe," akasema.

Siku hizi Malimi huenda kila mwezi. Humpapasa Bosi mwili mzima, masikio, makwapa, mpaka katikati ya vidole, na akikuta chochote kipya humwita daktari siku hiyo hiyo. Felisita naye huenda, ila kwa siku tofauti. Hawajawahi kuongozana.