Redio ya Alasiri

Haruna hakupenda kupoteza muda. Ndiyo sifa iliyompa duka zuri la vifaa vya umeme Kariakoo, na ndiyo iliyomharibia kwa Kitwana. Wawili hao wamekulia mtaa mmoja, nyumba zinatazamana, uchochoro tu katikati. Wametiwa jandoni pamoja, wamekula sahani moja. Haya, siku Haruna anamwoza binti yake, badala ya kuvaa kanzu avuke uchochoro amwalike mwenzake kwa mdomo, akamtumia meseji. Meseji! Ile ile aliyowatumia wateja wa jumla.

"Mimi wa kualikwa kwa simu?" Kitwana alimwambia mkewe, Zulekha. "Kwani mguu wake umevunjika?"

Harusini hakutia mguu. Haruna naye, badala ya kwenda kuomba radhi, akanuna. Salamu zikakatika, watu wazima wale, wajukuu mlangoni.

Mwaka ukapita hivyo. Kitwana akaugua sukari, miguu ikamlemea, akawa mtu wa mkongojo. Haruna alisikia, na ilimuuma, msidhani hana roho. Kila jioni akipita mbele ya mlango ule hatua zake zilipungua kasi. Lakini kichwa kigumu kile!

"Yeye ndiye aliyesusa harusi ya mwanangu," alimwambia mkewe, Badria. "Aje apige hodi hapa mara moja tu. Wallahi namfungulia, na yameisha."

"Na kama anakungojea wewe?"

"Basi tutangojeana."

Baada ya Ramadhani Badria alikwenda Tanga kumlea binti yao aliyejifungua, nyumba ikabaki tupu mchana kutwa. Miaka yote Haruna alikuwa akirudi alasiri, anakula, anawasha redio, anajinyoosha kidogo. Sasa arudi kwa nani? Akawa anakula kwa mama ntilie hukohuko sokoni. Na wezi wa mtaa ule huijua nyumba isiyo na mtu kuliko mwenyewe anavyoijua. Ndipo akachukua dukani kwake plagi za smati, zile unazoziamuru kwa simu au kwa mdomo, na kispika chake cha kusikiliza amri. Akazipangia kazi: taa ijiwashe magharibi, redio ijiwashe alasiri, iimbe weee, kisha ijizime, ili mpita njia aseme Haruna yumo.

Hakumwambia mtu. Ukishamwambia jirani nyumba inajiendesha yenyewe, umemwambia na mwizi. Alivyokipenda kidude kile sasa! Akiwa nyumbani anakaa kitini kama sultani, anaiamuru feni, feni inazunguka. Kwa Kizungu tu, maana kispika hakikujua Kiswahili.

Kisha Kitwana akafa.

Haruna alifunga duka. Tangu asubuhi alibeba viti, alifunga turubai, alichota maji, na hakuna aliyemuuliza habari ya ugomvi. Moyoni alikuwa na jambo moja. Alijua kabla maiti haijaondoka wenyewe watauliza nani ana neno na marehemu, na yeye atasimama mbele ya mtaa mzima aseme mkosa ni yeye, amwombe mwenzake msamaha japo hajibu.

Alasiri jeneza likatolewa, likawekwa uchochoroni. Mzee Abubakary, kaka wa marehemu, akasimama.

"Ndugu zangu, mwenye neno na marehemu, mwenye kinyongo, aseme sasa. Na tunaomba mumsamehe."

Haruna akajongea mbele, akavuta pumzi. Mara ndani ya nyumba yake, iliyofungwa kwa kitasa, ikafumuka taarabu! Tena taarabu ya mipasho, mtu anamtambia hasimu wake.

Lo! Haruna akapapasa simu, mtandao unazunguka tu. Akakimbilia dirishani kwake akapiga kelele kwa Kizungu, na kispika hakisikii, kimezidiwa na redio. Mtu mzima, kanzu nyeupe, mbele ya jeneza la rafikiye, anaifokea nyumba tupu kwa Kizungu. Funguo zikamponyoka, akaziokota, akaingia, akaing'oa plagi ukutani. Alipotoka jeneza lilikuwa limeshaondoka.

Jioni akaenda kutoa pole. Zulekha yumo edani, akazungumza naye nyuma ya pazia.

"Shemeji, nisamehe kwa ile redio," alisema Haruna. "Inajiwasha yenyewe. Niliitega kwa ajili ya wezi."



"Inajiwasha yenyewe tangu lini?"

"Tangu Badria aende Tanga."

"Na wewe mwenyewe unakuwa wapi?"

"Dukani, shemeji. Mpaka isha."

Akamsikia analia, si kile kilio cha asubuhi cha pamoja na wenzake. Hiki kilikuwa cha peke yake.

"Kitwana alikuwa anakuja kwako, Haruna. Akiisikia redio tu anadai mkongojo wake. 'Haruna karudi kupumzika, na uchochoro umetulia, acha nikayamalize.' Anapiga hodi zake tatu, hajibiwi, anarudi. Kesho yake tena. Mimi namwambia labda husikii. Ananiambia, yumo, taarabu inaimba."

Haruna akalisogelea pazia.

"Siku ya mwisho alipopiga hodi, redio ikazimika. Alirudi akalala, akageukia ukutani. 'Leo amenisikia,' akaniambia. 'Kazima ili nidhani hayumo.' Hakuomba mkongojo tena."

"Sikuwemo, shemeji! Wallahi sikuwemo! Ningefungua, niliapa nitafungua, muulize Badria."

"Mimi nimejua leo," alisema Zulekha. "Mwenzio kaondoka hajui."