Tuzo ya Mtu Aliyepangusa Kiti

Usiniambie niliota. Jua lilikuwa juu, macho yangu yalikuwa wazi, na nusu ya mtaa wetu hapa Mikelenge ilikuwepo ikitazama. Isitoshe, kama ningekuwa natunga, ningetunga kisa ambacho mwishoni mimi napata kitu. Katika hiki sikupata kitu, na nitakieleza kwa hasira. Utanivumilia.

Mimi ni mtunzi na mchezaji wa vichekesho hapa Kindu. Igizo letu linatazamwa mtandaoni, kwenye simu, na linahusu wapangaji wa parsele moja, yaani ua mmoja, na mwenye nyumba wao bahili. Mimi nilicheza mke wake. Mimi niliandika, mimi nilipikia wachezaji, mimi nilibembeleza majirani wazime jenereta tukianza kurekodi. Djuma, mpwa wa mume wangu, alishika kamera. Taabu yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya kitu kimoja: tuzo ya vichekesho inayotolewa Kinshasa. Kampuni inayotuonyesha ilishasema wazi kwamba tukishinda itanunua msimu wa pili, na tukikosa, kila mtu arudi kwenye shughuli zake.

Basi, siku ile tulikuwa tunarekodi matanga. Mwenye nyumba amekufa, uani watu wamejaa, mimi mjane nalia. Unajua matanga yetu yalivyo: wajukuu wanakuja kumwigiza marehemu, wanavaa nguo zake, wanatembea kama yeye, wanamcheka mpaka wafiwa nao wanacheka. Na mtu aliyekuja kucheka kwenye matanga haulizwi ni mtoto wa nani. Ukimwuliza, wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Kwa hiyo alipoingia mwanaume wa makamo, kofia mkononi, suruali imelowa hadi magotini, mimi nilidhani Djuma ndiye aliyemleta. Djuma naye alidhani ni mimi. Kuhusu ile suruali, nilidhani amevuka kwa mtumbwi kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto. Nani angejali?

Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha marehemu. Akakipangusa kwa kofia, akaikung'uta ile kofia, akaikagua, akaketi. Kisha akainuka na kupangusa tena, safari hii pale alipokuwa amekalia yeye mwenyewe. Akasema polepole, kama mtu anayelalamikia bei sokoni:

"Miye sikatai kufa. Nakataa tu kukaa mu vumbi."

Niamini, watu walivunjika mbavu. Mimi niliyetakiwa kulia nilijifunika kitenge ili kamera isinione. Maneno yale sikuyaandika mimi, na mpaka leo yananiuma, maana ni mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

Tulipomaliza nikamfuata, nikamsifu, nikamwomba arudi kesho yake.

"Kesho munalia tena?" akaniuliza.

Nikamjibu hapana, kesho tunarekodi harusi. Uso wake ukashuka kabisa, kama nimemnyima chakula. Akanishukuru kwa heshima, akashika njia ya mtoni. Sikumwuliza hata jina.

Miezi ikapita. Siku moja simu ikaita kutoka Kinshasa: waamuzi wamechagua mchekeshaji bora, na anatoka kwetu. Moyo wangu ulipaa. Nikauliza kwa unyenyekevu wa uongo, ni nani? Wakasema ni yule mzee wa kofia. Na mimi je? Wakasema, mama, wewe pia ulijitahidi. Nilijitahidi! Lakini nilimeza, kwa sababu tuzo ni tuzo, na msimu wa pili ungekuwa wetu. Sharti lilikuwa kwamba mshindi ajulikane jina lake na apande jukwaani mwenyewe.

Sasa nitampata wapi? Nilitembea mitaa ya Mikelenge na Kasuku, nikavuka hadi Alunguli, simu mkononi, nikionyesha kile kipande cha video. Kila mtu alicheka. Hakuna aliyemjua. Nilichoka mpaka nikaanza kumchukia.

Sokoni nikamwonyesha mama mmoja mzee, muuza sombe, yale majani ya muhogo, anaitwa Mama Feza. Yeye hakucheka. Alitazama mpaka mwisho, akaomba nirudie, akashika meza yake.

"Ule njo bwana yangu," akasema, yaani ndiye mumewe. "Alienda Lokandu kutafuta samaki, vita ikamukuta kule. Kupangusa kiti ile namna, njo yeye."

Nikamwambia haiwezekani, wakati wa vita ni zamani, huyu wa kwenye video bado ana nywele nyeusi. Akaweka kidole kwenye zile nywele. Ndipo nikafanya hesabu iliyokuwa rahisi tangu mwanzo: aliyekufa hazeeki.

Alinieleza yaliyobaki. Maiti haikuonekana, kwa hiyo hakukuwa na kaburi. Wakati ule kukusanya watu uani ilikuwa kuwaita wenye bunduki, kwa hiyo hakukuwa na matanga. Baadaye Feza, mtoto wao wa pekee, naye akafa bila kuzaa. Mjukuu wa kumcheka yule mzee atatoka wapi? Mama Feza akasema sasa ameiona roho ya mumewe, au sijui aiiteje, na atafanya matanga juma hilohilo.

Mimi nilikuwa nimeshapata ujanja wangu. Djuma angevaa kofia, angepanda jukwaani, ningesema amekonda kwa ugonjwa. Lakini matanga yakifanyika, mji mzima utajua mshindi wetu ni marehemu, na Kinshasa watasikia. Nikamsihi yule mama angoje sherehe ipite. Nilimsihi kweli, nikamweleza habari za msimu wa pili.

"Umeniletea bwana yangu mu simu," akasema. "Sasa unataka ningoje bantu ya Kinshasa?"

Ningefanya nini? Nilikwenda kwenye yale matanga nimenuna. Watu walilia vizuri, lakini ilipofika zamu ya wajukuu hakuna aliyejua mzee yule alikuwaje. Vijana walijaribu, wakaigiza mzee yeyote tu. Mama Feza akageuka kunitafuta mimi. Nani mwingine alikuwa ameitazama ile video mpaka akaikariri? Nikavaa kofia. Nikapangusa kiti, nikaketi, nikainuka, nikapangusa nilipokalia, nikasema maneno yake. Mama Feza alicheka mpaka akashikiliwa, kisha akalia kilio kirefu ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu. Sijawahi kuigiza hivyo, na Djuma hakuwa na kamera.

Kesho yake Kinshasa wakapiga. Walikuwa wanatayarisha kipande cha kuonyesha kwenye sherehe. Wakaniuliza kwa nini nimebadilisha video. Nikafungua simu yangu. Uani watu wanavunjika mbavu, mimi nimejifunika kitenge, na wote tunatazama kiti ambacho hakina mtu. Djuma alifungua nakala zake zote. Vivyo hivyo. Waamuzi wakasema tumewachezea, wakatuondoa, na kampuni nayo ikakata mkataba.

Siku hizi nashona nguo. Mama Feza amepumzika, analala usingizi, kila akipita ananiletea sombe na kuniita binti yake. Nafurahi kwa ajili yake, sisemi uongo. Lakini usiku nikikumbuka lile jukwaa nasaga meno, na nikimpata yule mzee nitamwuliza kwa nini hakungoja hata wiki mbili ndipo aondoke.

Kwa hiyo wewe unayetaka kurekodi kilio cha kuchekesha katika mji huu, pita kwanza nyumba kwa nyumba, uliza nani bado hajaliliwa, na umlilie kabla ya kuwasha kamera. Watu wetu waliopotea ni wengi, na wakisikia kilio wanakuja, hawajui kama ni cha uongo.